Kufuga lochi mla-konokono na uduvi katika tangi moja

Nianze na jibu, kwa sababu najua wengine mnasoma haya mkiwa mmesimama dukani, mfuko wa samaki mkononi na muuzaji anasubiri. Samaki yeyote wa aina ya lochi anayekula konokono anaweza kula uduvi. Kwake ni chakula kilekile, nyama laini iliyofichwa ndani ya kitu kigumu, na pua yake imeumbwa kuichokonoa. Kwa hiyo usijiulize kama watapatana. Jiulize kama uduvi wako watazaana haraka kuliko wanavyoliwa. Ukipanga tangi kwa hesabu hiyo, inawezekana kabisa. Ukipanga kwa kumwamini muuzaji, yatakukuta yaliyonikuta mimi.

Naishi Jinja, Uganda, upande wa Walukuba, na ninafundisha Kiswahili. Tangi langu la kwanza lilikuwa la lita 90, lina uduvi wekundu kama 30, na konokono wadogo walioingia na mimea wakazaana mpaka kioo kikawa kama ukuta uliorushiwa matope. Muuzaji mmoja wa Kampala akaniambia, "Mwalimu, chukua hawa wanne. Konokono watakwisha, uduvi hawatawagusa." Walikuwa lochi wa rangi ya chungwa wenye mikanda mitatu myeusi, wazuri mno. Konokono walikwisha kweli, kwa siku tisa. Siku ya kumi nikaona magamba mawili ya uduvi mchangani, nikafurahi nikidhani wamejichuna, yaani wamevua gamba la zamani. Mwezi haukuisha nikawa na lochi wanne wanene na uduvi mmoja, amejibanza nyuma ya chujio kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba.

Neno "lochi" msilitafute kwenye kamusi, hamtalikuta. Ni samaki wa Asia, mwenye sharubu fupi mdomoni, anayezurura chini ya tangi. Uduvi mnawajua, ni hao kamba wadogo sana ambao watu wa Pwani huwatia kwenye mchuzi. Hapa nazungumzia wa kufugwa, si wa sufuria.

Hatua ya kwanza: hakikisha unamhitaji

Konokono wakifumuka tangini, chanzo mara nyingi ni mkono wako. Chakula kinachobaki chini ndicho kinachowazalisha. Punguza chakula nusu kwa wiki mbili, kisha tega. Chukua jani la dodo (wengine huita mchicha) au sukuma, lichovye kwenye maji yanayochemka kwa dakika moja lilegee, liweke kwenye kisahani chini ya tangi unapozima taa. Asubuhi kabla hujawasha taa, inua kisahani polepole. Utakuta konokono wamejazana juu ya jani kama watu kwenye kilio. Uduvi nao watakuwepo, maana dodo wanaipenda. Wapukute warudi majini. Nilifanya hivyo kila jioni kwa wiki tatu nikatoa konokono wengi kuliko lochi wanne walivyokula.

Pia kuna konokono muuaji, mwenye gamba la milia ya njano na kahawia, anayekula konokono wenzake na kwa kawaida huwaacha uduvi wazima. Kama shida yako ni konokono tu, nunua watatu wa hao na usiendelee kusoma. Lochi anaweza kuishi miaka mingi, na yule wa rangi ya chungwa hupita hata miaka 20. Konokono ni shida ya miezi miwili. Usilete nyumbani mgeni wa miaka 20 kwa sababu ya shida ya miezi miwili.

Lakini kama umempenda samaki mwenyewe, na ni rahisi kumpenda, twende.

Hatua ya pili: chagua aina

Hapa ndipo unaposhinda vita au kushindwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Yule wa chungwa na mikanda myeusi, Chromobotia macracanthus, anatoka mito ya Sumatra na Borneo. Dukani ana urefu wa kidole, sentimita 5 hivi. Akilishwa vizuri hufika sentimita 20, na wengine hufika 30. Samaki wa urefu huo, tena anayetaka kuishi na wenzake watano au sita, anahitaji tangi la lita 400 au zaidi. Kwa uduvi ni hatari tangu siku ya kwanza. Akiwa mdogo huwala watoto wao, akikua huwala na wazazi. Wengi wetu hatuna nafasi yake, wala sakafu ya kubeba uzito wake.

Wa pili ni Botia almorhae, wa India na maeneo ya jirani. Wafugaji humwita "yoyo" kwa sababu alama za ubavuni mwake, akiwa mdogo, husomeka kama herufi Y na O zimefuatana. Hufika sentimita 12 hadi 15. Ni hodari wa konokono kuliko wote niliowahi kuwaona, na ni mkorofi pia. Uduvi wa kawaida hawamwezi.

Wa tatu ni Botia striata, mwenye mistari myembamba kama pundamilia, wa vijito vya milima ya Western Ghats huko India. Huishia sentimita 8 au 9. Mpole, ila mdomo wake unatosha uduvi wadogo wote na wakubwa baadhi. Porini amekuwa adimu, yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka, kwa hiyo muulize muuzaji kama ni wa kuzalishwa. Akikukodolea macho, hilo nalo ni jibu.

Wa nne ndiye ninayemfuga sasa: Ambastaia sidthimunki, lochi mdogo wa Thailand, mwenye alama nyeusi zilizoungana ubavuni kama mnyororo. Anaishia sentimita 5 au 6. Porini huyu pia yuko hatarini, ila wanaouzwa siku hizi kwa kawaida ni wa kuzalishwa mashambani. Mdomo wake ni mdogo. Konokono wachanga na mayai yao huwamaliza. Konokono mkubwa humshinda. Uduvi aliyekomaa kwa kawaida humwacha. Watoto wa uduvi atakula, na hapo ndipo hesabu niliyosema mwanzo inapoanza kufanya kazi. Tofauti na wengi wa ukoo wake, huyu huonekana mchana, wakiogelea kwa kundi katikati ya tangi, kwa hiyo hununui samaki wa kumtafuta kwa tochi.

Muuzaji akikuletea lochi mwembamba kama mnyoo, wa rangi ya kahawia na njano, huyo ni wa ukoo wa Pangio. Anaelewana sana na uduvi, lakini konokono hatakumalizia. Usimnunue kwa kazi hiyo.

Na upande wa uduvi? Wale wekundu wa kawaida, Neocaridina davidi, asili yao ni China na Taiwan. Wanafika sentimita 2.5 hadi 3, na jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya mkia kwa wiki tatu au nne, kisha hutoka watoto waliokamilika, wadogo kama mkato wa uzi. Hawa ndio wa kutumia, kwa sababu wanazaana tangini bila msaada wako. Uduvi wa Japani, Caridina multidentata, hufika sentimita 5 na ndio wenye nafasi nzuri zaidi mbele ya lochi, ila watoto wao wanahitaji maji yenye chumvi ili wakue, kwa hiyo kila anayekufa ni lazima ununue mwingine.

Kuna wa kwetu pia. Ziwa Victoria lina uduvi wake, Caridina nilotica, mwangavu kama kioo, na wavuvi wa mukene (dagaa) huwatoa pamoja na mukene. Niliwahi kwenda mwaloni Masese na ndoo nikamwomba mama mmoja anibakizie walio hai. Alicheka mpaka akaweka ungo chini. "Mwalimu, hao tunawapa kuku!" Nikamwambia kuku wangu mimi wana mapezi. Akanipa bure kama 40. Nusu walikufa kwenye ndoo kabla sijafika nyumbani, kwa kukosa hewa, na waliobaki waliishi vizuri kwenye tangi la peke yao. Ukitaka kuwajaribu, nenda na ndoo pana, maji kidogo, na pampu ya hewa ya betri. Na wewe mwenyewe usiingie majini. Sababu iko kwenye hatua ya nne.

Hatua ya tatu: tangi, mchanga, maji

Kwa lochi wadogo 8 na uduvi wao, tangi la lita 100 lenye urefu wa sentimita 80 au zaidi linatosha. Kumbuka lita 100 za maji ni kilo 100, hujaweka kioo, mchanga wala mawe. Meza ya kulia haifai. Fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukuundia tangi zuri, ila simamia gundi ya silikoni anayotumia. Isiwe ile ya bafuni yenye dawa ya kuzuia ukungu. Na awekee mfuniko. Lochi wanaruka.

Chini weka mchanga laini. Lochi anachimba kwa mdomo siku nzima, na changarawe kali humkata sharubu. Mchanga wa ziwani ambao mafundi wanapigia lipu unafaa sana, lakini unakuja na konokono wake na takataka zake. Uoshe kwenye beseni mpaka maji yawe meupe. Wangu ulichukua mara 14. Kisha uanike juani siku tatu ukauke kabisa.

Chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa ndilo la kwanza na la mwisho kwangu. Halinyonyi watoto wa uduvi, uduvi wenyewe hulisha juu yake, na ni rahisi kulitunza.

Maji ya bomba yana klorini. Yaache kwenye ndoo wazi saa 24, au tumia dawa ya kuondoa klorini ukiipata. Maji yetu ya Jinja, Kampala na Entebbe yanatoka Ziwa Victoria, na ni maji laini, yenye madini machache. Lochi anayafurahia. Uduvi anaishi humo, ila anahitaji kalisi ya kujengea gamba jipya kila anapojichuna. Mimi huchemsha maganda ya mayai, nayakausha, nayasaga, na kuweka kijiko kimoja ndani ya kimfuko cha kitambaa nyuma ya chujio. Nikiona uduvi wamekwama nusu ndani ya gamba la zamani nusu nje, najua kimfuko kimechoka.

Joto: nyuzi 24 hadi 26 linawafaa wote wawili. Jinja na Kampala chumba cha ndani hukaribia hapo chenyewe, na hita ndogo inatosha kwa usiku wa mvua. Kama uko Kabale, kwenye baridi ya milimani, hita si hiari.

Kisha subiri. Wiki nne hadi sita tangi likiendeshwa bila samaki, likipewa chakula kidogo kidogo ili bakteria wa kugeuza amonia (sumu inayotokana na uchafu na chakula kinachooza) wapate cha kufanyia kazi. Ukipata sponji kuukuu kutoka kwa rafiki mwenye tangi zima, ikamulie ndani ya maji yako. Utaokoa wiki kadhaa. Uduvi hufa kwa amonia ambayo samaki angeivumilia, kwa hiyo usikate njia hapa.

Hatua ya nne: mimea, na habari ya kichocho

Mimea ni lazima, tena mingi. Lakini wengi wetu tunaichuma ziwani au mtoni, na hapo kuna jambo ambalo miongozo ya wafugaji wa ng'ambo hailigusi, kwa kuwa si shida yao.

Konokono wa jamii ya Biomphalaria, wale bapa kama kamba iliyoviringishwa, wapo ziwani kwetu, na ndio wanaobeba vimelea vya kichocho cha tumbo. Kimelea akishatoka kwenye konokono huishi majini kwa siku moja au mbili tu, akimtafuta mtu. Lakini konokono mwenyewe aliyeambukizwa anaweza kuendelea kuvitoa siku hadi siku kwa wiki nyingi. Ukileta konokono huyo nyumbani na mimea, kisha ukaingiza mkono hadi kwenye kiwiko kupanga mawe, umejipeleka ziwani bila kupanda boda.

Kwa hiyo mimea ya ziwani ifanyie hivi. Shika kwa glavu ndefu za mpira. Toa kila konokono unayemwona, na ute wenye mayai chini ya majani. Loweka mimea kwenye maji yenye shabu, kijiko kimoja cha chakula kwa lita 4, saa mbili au tatu. Suuza. Kisha weka kwenye ndoo ya peke yake wiki mbili na uikague, kwa sababu mayai mengine huponea shabu. Ukiona konokono amechipuka, rudia. Usifikiri kwamba lochi atakumalizia kazi hii. Wakati anamtafuta konokono wa mwisho, mikono yako itakuwa imeshaingia mara kumi.

Na maji ya ziwani usiyatumie moja kwa moja, hata kama bomba limekauka.

Hatua ya tano: uduvi waingie kwanza, na wakae

Kosa langu kubwa halikuwa aina ya lochi tu. Nilileta lochi wakati uduvi bado ni wageni. Safari hii niliweka uduvi wekundu 25, nikawaacha peke yao miezi mitatu. Walipofika zaidi ya 100, wenye mayai kila kona, ndipo nikaenda kununua samaki.

Katika miezi hiyo jenga maficho. Mimea mirefu peke yake haitoshi. Lochi mdogo hupenya popote ambapo uduvi mkubwa hupenya. Unachotaka ni mahali ambapo mtoto wa uduvi anapita na lochi hapiti. Mimi nilichukua wavu mgumu wa plastiki wenye matundu ya milimita 4 hivi, nikauviringisha kuwa bomba la unene wa mkono, nikafunga ncha zote mbili kwa uzi wa nailoni, na ndani nikajaza mosi ya Java, mmea mdogo wa majini unaoota kama manyoya ya kijani. Nina mabomba matatu hayo, mawili yamelala na moja limesimama nyuma ya gogo. Mwanzo yanachukiza macho. Baada ya miezi miwili mosi huota kupitia matundu na huoni plastiki tena. Ukisogeza uso karibu na kioo usiku ukiwa na tochi, ndani yake mnameremeta vijicho vidogo kama nukta za kalamu, kadhaa kwa kadhaa. Nje ya bomba, lochi wanapita wanachungulia.

Rundo la mawe madogo yenye nyufa hufanya kazi hiyohiyo. Majani makavu ya mpera, yaliyooshwa, yatandaze chini. Uduvi hula utando unaoota juu yake.

Kama una nafasi ya ndoo au tangi la pili la lita 20, weka uduvi 15 humo na usiwaguse. Hiyo ni akiba yako. Siku mambo yakienda mrama, hutalazimika kurudi dukani.

Hatua ya sita: kuleta lochi

Nunua wadogo, sentimita 3 hivi, na usinunue chini ya 6. Lochi mmoja peke yake hujificha au huwa mgomvi. Wakiwa kundi husumbuana wenyewe kwa wenyewe na kuwaacha wengine. Dukani chagua wenye tumbo lililojaa. Mgongo uliochongoka kama kisu ni dalili ya minyoo, na lochi waliokonda hivyo mara nyingi hawaponi.

Waweke karantini wiki tatu kwenye tangi lingine, hata la plastiki. Lochi ndiye samaki wa kwanza kupata ugonjwa wa madoadoa meupe, kwa kuwa magamba yake ni madogo mno. Dawa nazo humchoma kuliko samaki wengine, kwa hiyo hupewa nusu ya kipimo, na joto hupandishwa taratibu hadi nyuzi 30. Uduvi wangekufa kwa tiba hiyo. Ndiyo sababu tiba ifanyike huko karantini.

Kuwahamisha usitumie wavu. Lochi wana mwiba chini ya jicho ambao huuchomoa wakishtuka, na unanasa kwenye nyuzi kama ndoana. Tumia kikombe kikubwa. Waingize jioni, taa zimezimwa, uduvi wakiwa wamelishwa.

Siku za kwanza utaona mambo mawili yatakayokutisha. Mmoja atalala ubavu, amekauka kama maiti. Mguse, ataondoka amekasirika. Na utasikia mlio kama wa kugonga kucha kwenye kioo. Ni wao, wanabofya kwa koo wakiwa na furaha ya chakula.

Hatua ya saba: lochi asilale na njaa

Lochi aliyeshiba humpita uduvi. Mwenye njaa humgeuza. Walishe kidogo mara mbili kwa siku, na mlo mkubwa uwe wakati giza linaingia. Tembe za chakula za kuzama ni msingi. Juu yake mara mbili kwa wiki nawapa mukene mkavu usiotiwa chumvi, nimeutoa vichwa, nimeusaga na kuulowesha. Konokono nawapa kama kitoweo: nina mtungi dirishani ninamofuga konokono wa mimea ya dukani waliozaliwa humohumo, na kila Jumapili nawapondea wachache. Sasa baada ya kuhangaika kuwaua konokono, nawafuga. Mke wangu amenisamehe mengi, hili bado analifikiria.

Konokono warefu kama pilipili, Melanoides, hawatakwisha. Wanajizika mchangani, wana mfuniko mlangoni, na huzaa watoto hai badala ya kutaga. Lochi hupunguza wadogo tu. Waache, wanageuza mchanga.

Mambo yanayoua uduvi huku lochi akisingiziwa

Dawa ya mbu ya kupuliza huua uduvi kwa kiasi kidogo sana, hata ukipulizia chumba cha pili. Siku wapuliziaji wa malaria wanapopita mtaani, au wewe mwenyewe ukipulizia, zima pampu ya hewa, funika tangi kwa blanketi lililolowa, na ufungue madirisha baadaye kabla ya kuiwasha tena. Pampu hunyonya hewa ya chumba na kuipeleka moja kwa moja majini.

Mrututu, ambao ni chumvi ya shaba, ni sumu ya konokono na ni sumu ya uduvi pia. Dawa nyingi za samaki zina shaba ndani; soma karatasi, na kama haina maandishi usinunue.

Maji mapya mengi kwa mpigo huwafanya wajichune kabla ya wakati wakafa. Badilisha asilimia 10 hadi 15 kwa wiki, polepole.

Umeme ukikatika, saa tatu za kwanza hazina shida kama tangi halijajaa kupita kiasi. Zaidi ya hapo, pampu ya betri. Huna? Chota kwa kikombe na umimine kutoka juu, dakika tano kila nusu saa. Usiwalishe mpaka umeme urudi.

Na magamba: gamba la kujichuna ni jeupe, jepesi, lina mpasuko nyuma ya kichwa, na limekamilika hadi sharubu. Uduvi aliyekufa huwa wa waridi, hapenyi mwanga. Uduvi aliyeliwa huacha kichwa tu, au vipande. Laiti ningejua hilo siku ile ya kumi.

Ikishindikana

Hesabu uduvi mara moja kwa wiki, usiku, kwa tochi, upande mmoja tu wa tangi. Idadi kamili huwezi kuipata. Unachotafuta ni mwelekeo. Ikishuka wiki sita mfululizo na huoni watoto, watenganishe.

Kumwaga samaki ziwani si njia. Sangara aliingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na nkejje, samaki wadogo wa asili wa ziwa hilo, wa aina nyingi hatutawaona tena. Ziwa Bunyonyi lina kamba wa Marekani hadi leo, na si wao waliojileta. Mpe lochi mfugaji mwingine, au mrudishe dukani hata bila kulipwa.

Kuwakamata ndani ya tangi lenye mosi na mawe ni kazi ya siku nzima ukikimbizana nao, kwa hiyo tega. Kata chupa ya soda ya lita mbili begani, geuza shingo iingie ndani, ibane kwa uzi, toboa matundu madogo ili ijae maji, weka tembe mbili na kokoto ya kuilaza. Izamishe jioni. Baada ya saa moja watakuwa ndani watatu au wanne, pamoja na uduvi kadhaa waliofuata harufu. Ziba mdomo wa chupa kwa kiganja kabla hujaiinua. Lochi huwa ndiye wa kwanza kukumbuka alikoingilia.